Asilimia tatu hiyo imepimwa kwenye kikapu cha nani?

Kila mwezi mambo ni yale yale. NBS, yani Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, wanatoa taarifa ya mfumuko wa bei, inasomwa tatu nukta kitu, redioni wanasema uchumi uko imara, alafu huku mtaani watu wanaguna na kuulizana hao waliopima wanaishi nchi gani. Mi nimeshachoka na huu mvutano kusema kweli, maana viongozi wanaitumia ile namba kama vile imethibitisha maisha ni nafuu, na sisi tunaikataa bila kuisoma tunasema imepikwa. Naona haijapikwa. Ila inajibu swali ambalo mtu wa Mbagala hapa Dar hakuuliza, na hapo ndo nataka tukae kidogo.

Tuanze na tulikotoka maana watu tunasahau haraka sana. Desemba 2011 mfumuko wa bei nchi hii ulifika asilimia 19.8, yani karibu ishirini, ule mwaka wa mgao wa umeme na majenereta yananguruma kila kona ya mji, na wastani wa mwaka 2012 ukawa asilimia 16. Hiyo ndo ilikuwa balaa yenyewe. Baada ya hapo ukashuka taratibu, 2018 wastani 3.5, 2019 ukawa 3.4, 2020 ukawa 3.3, 2021 ukapanda kidogo 3.7, alafu vita vya Ukraine vikaja na mafuta na ngano na mbolea vikapaa, 2022 tukafika 4.3, ukashuka 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Ukiangalia majirani na ndugu zetu utaona hatukufanya vibaya hata kidogo, Kenya Oktoba 2022 walikuwa 9.6, Ghana Desemba 2022 walifika 54.1. Hamsini na nne! Lengo la Benki Kuu yetu ni asilimia 5, makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanasema usizidi 8, sisi kwa wastani wa mwaka tulikuwa chini ya vyote viwili kila mwaka kuanzia 2018 mpaka 2024.

Na sio bahati tu. Chakula tunalima wenyewe, mahindi na mchele mpaka vinavuka mipaka kwenda Kenya, Rwanda na Kongo, kwahiyo mvua zikikaa vizuri Rukwa na Mbeya na Shinyanga bei ya Dar inapumua. Mbolea ya ruzuku ilianza 2022. Umeme bei yake imekaa muda mrefu bila kuguswa, na Bwawa la Nyerere lile la megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha Februari 2024 angalau kule kukatika kwa umeme kukapungua. Mafuta yalipovuka shilingi 3,000 kwa lita serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022. Benki Kuu nao Januari 2024 wakabadilisha utaratibu, wakaanza kutumia riba yao kudhibiti mfumuko, wakaanza na asilimia 5.5, Aprili wakapandisha mpaka 6, Julai 2025 wakaishusha ikawa 5.75. Kwahiyo pongezi wapewe, sina ugomvi na hilo.

Sasa mbona mfukoni hakuna kitu?

Jambo la kwanza linaudhi kwa sababu ni rahisi na bado linapotoshwa mpaka na watu wenye shahada zao. Mfumuko ukishuka bei hazishuki, zinapanda polepole zaidi, basi. Mtoto aliyerefuka sana mwaka jana, mwaka huu akirefuka kidogo haina maana amekuwa mfupi. Chukua hizo asilimia ndogo ndogo za 2021, 2022, 2023 na 2024 uzipandishe moja juu ya nyingine, unapata kwamba vitu vya laki moja vya mwaka 2020 mwaka 2024 unavinunua kwa karibu laki moja na elfu kumi na sita. Hiyo ni kwa takwimu zao wenyewe, sio za kijiweni. Kwahiyo aliyebaki na mshahara ule ule wa 2020 kapunguziwa mshahara bila barua, na hapo ni kwenye nchi iliyofanya vizuri. Waziri akisimama akasema mfumuko umeshuka, na mama akisikia hivyo akaenda sokoni akakuta mchele uko pale pale ulipokuwa, wote wawili wako sahihi na wote wanaona mwenzake ni muongo.

Jambo la pili ndo kubwa zaidi, hicho kikapu chenyewe, yani orodha ya bidhaa na huduma zinazopimwa bei. NBS wanakusanya bei kwenye makao makuu ya mikoa yote 26 ya Bara (Zanzibar wana hesabu yao), alafu kila kundi la bidhaa linapewa uzito kulingana na matumizi ya kaya kwenye utafiti wa bajeti wa 2017/18. Kwenye kikapu tunachotumia tangu 2020 uwe mwaka wa kizio (mwaka wa kulinganishia bei), chakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2. Nyumba, maji, umeme, gesi na nishati nyingine 15.1. Usafiri 14.1. Nguo na viatu 10.8. Huko chini kuna bima na huduma za fedha kama asilimia 2 hivi. Sasa nitafutie mpangaji wa chumba kimoja Buza ambaye kati ya kila shilingi mia anayotumia ishirini na nane tu ndo inaenda kwenye chakula. Hayupo. Huyo akipata elfu kumi ya siku, sita au saba imeishia kwenye unga, mchele, maharage, mafuta ya kula, nyanya na mkaa wa kupikia hivyo vyote. Na sio Buza tu, Mjerumani mmoja wa takwimu anaitwa Ernst Engel aliliona hili tangu 1857, kwamba kadri kaya inavyokuwa maskini ndivyo chakula kinavyokula sehemu kubwa ya matumizi yake. Kikapu cha taifa kinajumlisha matumizi ya wote na mwenye hela ndo anatumia nyingi, kwahiyo sauti yake ndani ya kikapu ni kubwa. Mtu wa Masaki kwenye hii hesabu ana kura nyingi kuliko mtu wa Tandika, bila mtu yeyote kufanya hila.

Tupige hesabu kidogo, usikimbie. Januari 2023 mfumuko wa jumla ulikuwa 4.9, na chakula peke yake kilikuwa kinapanda kwa karibu asilimia 10, ule wakati mchele ulipiga elfu tatu na zaidi kwa kilo hapa mjini na maharage yakawa kitoweo cha matajiri. Chakula kikipanda 10 na vingine vikipanda 3, mwenye kikapu cha asilimia 28 ya chakula anapata mfumuko wa karibu 5, sawa kabisa na ile ya kwenye taarifa. Sasa mweke mwenye kikapu cha asilimia 60 ya chakula, bei zile zile, soko lile lile, mwezi ule ule: inatoka zaidi ya 7. Hakuna aliyedanganya na hakuna bei iliyofichwa, tofauti ni vikapu tu. Yani mfumuko wa bei wa yule maskini ulikuwa karibu mara moja na nusu ya ule uliosomwa kwenye taarifa ya habari.

Niseme na upande wa pili maana bila hivyo nitakuwa nafanya kampeni. Mwaka uliofuata chakula kilipanda kwa kasi ndogo kuliko vitu vingine, maana yake kwa hesabu hiyo hiyo mfumuko wa mtu wa Buza 2024 kuna miezi ulikuwa chini ya ule wa taifa. Kweli kabisa. Kwahiyo mtu akikwambia maskini siku zote anaumizwa zaidi na bei, anakuza mambo. Kinachomtokea maskini ni kuyumbishwa, mvua zikichelewa anapigwa sana, zikija vizuri anapumzishwa kidogo, na kile kipigo cha mwanzo hakirudishwi kwa sababu bei ya chakula kwa ujumla haikurudi ilipotoka. Na mtu asiye na akiba akiyumbishwa anakopa, na mikopo ya mtaani ile tunaijua riba yake.

Alafu kuna hiki kitu wataalamu wanakiita mfumuko wa msingi. Wanatoa vyakula visivyosindikwa, nishati, na huduma kama maji na umeme, wanabaki na karibu asilimia 74 ya kikapu, hiyo ndo Benki Kuu wanaitazama sana wakati wa kupanga riba. Kwa Benki Kuu ina mantiki, riba haiwezi kuleta mvua wala kushusha bei ya mafuta ya Ghuba. Ila angalia kilichotolewa: nyanya, ndizi, dagaa, mafuta ya taa, mkaa, maji. Yani ukimtolea mtu wa Manzese hivyo vitu anabaki na nini cha kununua? Vocha na sabuni. Kwahiyo ukisikia mfumuko wa msingi umetulia ni habari njema, lakini ni habari njema ya watu wengine kidogo.

Nije kwenye jambo ambalo kwenye takwimu linapita kama upepo lakini Dar linauma kweli, nauli. Mei 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, walipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka 400 kuwa 500, alafu Desemba 2023 ikawa 600. Ukiangalia moja moja unaona mia tu, mia kitu gani. Lakini kutoka 400 mpaka 600 ni asilimia 50, ndani ya kipindi kisichofika miaka miwili, wakati bei kwa ujumla zilipanda kama asilimia 6 au 7 hivi. Na Dar ni wachache wanaopanda moja, wengi tunaunganisha. Mtu anayepanda mbili kwenda na mbili kurudi alikuwa anatoa 1,600 kwa siku, ikawa 2,400, ukifanya siku 26 za kazi ni 62,400 kwa mwezi, na hapo hajachukua bajaji au boda ya kutoka kituoni mpaka nyumbani kwa sababu nyumba za bei anayoiweza ziko ndani huko barabara ya vumbi. Serikali ilipotangaza kima cha chini kipya cha sekta binafsi kuanzia Januari 2026 ilisema kinatoka 275,060 kwenda 358,322. Kwenye ile ya zamani, nauli peke yake inakula karibu asilimia 23, kabla hata ya kula. Kwenye kikapu cha taifa usafiri wote, pamoja na magari ya watu na mafuta yao, ni 14.1.

Hii mia ya kila mara sio ya LATRA peke yao. Sarafu zetu ndogo zimekufa zenyewe bila kufutwa, nani anapokea shilingi kumi leo, hata hamsini ukimpa konda anakuangalia usoni. Kwahiyo bei za vitu vidogo haziwezi kupanda asilimia 3 hata zikitaka. Chapati ya jero haiwezi kuwa mia tano na kumi na tano, inabaki jero mwaka mzima alafu siku moja unakuta mia sita au mia saba. Au inabaki jero lakini unaiona jua likipita katikati. Mandazi ndo usiseme, bei ile ile umbo jingine kabisa, unaweza kula manne na chai ikabaki. Mpima takwimu mwenye umakini anatakiwa kulinganisha uzito ule ule, na mandazi yakipungua ahesabu kama bei imepanda, ndo kanuni. Kazi ngumu hiyo kwa mji unaoishi kwa fungu na kipimo.

Na kununua kwa kipimo kwenyewe ni kama kulipa kodi. Nenda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, saa moja jioni ukae pembeni uangalie wanavyonunua. Mafuta ya mia tano, anachota na kile kikombe kidogo anamimina kwenye kimfuko anakifunga fundo. Sukari robo. Unga nusu. Majani ya chai ya mia. Nyanya tatu za fungu na moja imebonyea. Yule anayechukua dumu la lita tano la mafuta na kiroba cha unga cha kilo 25 ni mwenye gari, anashusha kioo tu anapakiziwa, na ndo anayelipa bei ndogo kwa lita na kwa kilo. Anayenunua mafuta ya mia tano kila siku, mwisho wa mwezi kalipa zaidi kwa lita ile ile, na hana jinsi, hajawahi kushika hela ya dumu kwa wakati mmoja. Bei zikipanda anahama kutoka nusu kwenda robo, kutoka robo kwenda kupima, yani anazidi kuhamia kwenye bei ya juu wakati ule ule bei zinapanda. Kwenye wastani wa taifa hiyo safari ya kuhama haionekani popote.

Sukari ya mwanzo wa 2024 mnaikumbuka. Mvua za El Niño zilisimamisha viwanda, kilo ikagonga 4,000 na sehemu nyingine ikapita hapo, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, Dar rejareja mwisho 3,000, ikabaki kwenye karatasi maana dukani ukiuliza ya elfu tatu unaambiwa imeisha. Kwenye fahirisi, yani ile hesabu ya bei za kikapu kizima, sukari ni punje tu. Na uzuri wa hesabu za mwaka kwa mwaka ni kwamba miezi kama hiyo ukifika mwaka unaofuata, sukari ya kawaida inaonekana imeshuka bei sana na inavuta namba ya jumla chini. Muuza chai wa asubuhi aliyekula hasara miezi ile hakulipwa na mtu.

Kuna wanaosema yote haya ni dola. Kuna ukweli, kidogo. 2023 mpaka katikati ya 2024 dola ilikuwa haipatikani, shilingi ikatoka kama 2,300 ikaelekea 2,700, na Kariakoo kila kitu kikapandishwa, spea, simu, vitenge, mpaka vijiko. Desemba 2024 shilingi ikajitutumua ikafika karibu 2,400. Mliona bei zimeshuka? Mi sikuona. Ukimuuliza mwenye duka anakwambia mzigo huu alinunua na dola ya zamani, sawa, anaweza kuwa na haki, na mwaka 2025 ulipoanza shilingi ikalegea tena kwahiyo hata angeshusha angepandisha. Ila ajabu ni kwamba dola ikipanda mzigo wa zamani unakuwa mpya siku hiyo hiyo.

Tatizo halisi kwa mtazamo wangu liko kwenye kipato. Mfumuko wa asilimia 3 na kipato kinachopanda asilimia 6 ni maisha mazuri, wala hakuna mtu angelalamika kwenye daladala. Watumishi wa umma walipandishiwa kima cha chini kutoka 370,000 mpaka 500,000 kuanzia Julai 2025, ni asilimia 35 na sio haba, wa sekta binafsi nao wakafuata kwenye amri ya mshahara. Lakini Dar ni mji wa watu wasio na amri ya mshahara. Bodaboda hesabu anayompelekea bosi iko pale pale hata petroli ikipanda Jumatano EWURA, wanaopanga bei za mafuta, wakitangaza, na abiria anabisha kwa bei ya mwaka juzi. Mama ntilie akipandisha sahani ya wali maharage kutoka 2,000 kwenda 2,500 wateja wake mafundi wanahamia kwenye mihogo, kwahiyo hapandishi, anapunguza kijiko cha maharage na faida yake juu. Hao hawaonekani kwenye taarifa ya mishahara wala ya mfumuko, wao ndo wanaounyonya huo mfumuko wengine tusiusikie wote.

Kwahiyo ombi langu kwa NBS ni dogo wala halihitaji bajeti ya kutisha. Ile taarifa ya kila mwezi, chini ya namba kubwa ya taifa, waweke namba ya pili: mfumuko wa bei wa kaya ya kipato cha chini, na wakiweza ya Dar peke yake. Sio jambo geni. Kenya kwa miaka mingi fahirisi yao imeigawa Nairobi kwenye vikapu vitatu, kipato cha chini, cha kati na cha juu. India wana fahirisi ya wafanyakazi wa viwandani ambayo inatumika kurekebisha posho za watumishi, na nyingine ya vibarua wa mashambani. Uingereza nao takwimu zao zinaonyesha gharama kwa makundi ya kaya. Najua kuna watakaosema namba mbili zitawachanganya wananchi na wanasiasa wataichukua ile mbaya kwenda nayo kwenye majukwaa. Watachukua, ndio, kama wenzao wanavyoichukua nzuri sasa hivi. Na kuna miezi hiyo ya pili itakuwa ndo nzuri, kama nilivyoonyesha hapo juu.

Faida yake ni kwenye maamuzi. Bodi za mishahara zikikaa zijue zinamzungumzia nani. LATRA wakipiga hesabu ya nauli waone kwamba mia moja kwa mtu wa Chanika ni kitu kingine kabisa na mia moja kwa mtu wa Mikocheni. Mahindi ya akiba ya serikali yakitolewa sokoni yatolewe kabla namba ya kaya maskini haijafika 7, badala ya kusubiri ile ya taifa ifike 5 ndo tushtuke. Bei zenyewe wanazikusanya kila mwezi, uzito wa kila kundi la kaya umo kwenye utafiti wa bajeti walioufanya wenyewe, kilichobaki ni kuzidisha na kuweka mstari mmoja zaidi kwenye ile taarifa.